Mega Man Zero 2: gemu gumu, au gemu lenye roho mbaya?

Leo tuache siasa kidogo, tuongee magemu.

Kuna ubishi mmoja haujaisha tangu mwaka 2003: hivi Mega Man Zero 2 ni gemu gumu kwa haki, au ni gemu lenye roho mbaya tu? Kutanisha watu watatu waliolicheza, utapata majibu manne. Mmoja atakwambia ndilo gemu tamu kuliko yote ya Game Boy Advance. Mwingine atakwambia alibakiza kidogo akirushe kifaa ukutani. Wa tatu atasema yote mawili ni kweli, na mara nyingi huyo ndiye aliyelimaliza.

Nimeona nilete uchambuzi hapa kwa sababu wengi wanaobishana wanabishania jambo lisilo lenyewe. Wanabishana kama maadui ni wakali, kama miiba ni mingi, kama mabosi wana spidi. Jamani, hayo yako kwenye magemu kibao. Kinachowagawa watu kwenye hili ni namna gemu lenyewe linavyokupa maksi, na linachokunyima ukipata maksi mbovu. Twende taratibu, nitaeleza.

KWA WASIOLIJUA

Mega Man ni jina kongwe la kampuni ya Kijapani ya Capcom, lilianza mwaka 1987. Mwaka 1993 ikaja Mega Man X, na humo ndimo alimotokea Zero: roboti mwekundu, nywele ndefu za njano, baadaye na upanga wa nuru mkononi. Mle ndani alikuwa rafiki wa stelingi, siyo stelingi mwenyewe. Lakini mnajua mambo ya sinema: kuna wakati rafiki wa stelingi ndiye watu wanamshangilia zaidi.

Mwaka 2002 Zero akapewa gemu lake mwenyewe kwenye Game Boy Advance, kile kifaa cha mkononi cha Nintendo. Capcom walilitoa kwa jina lao, ila kazi ya kulitengeneza waliwapa Inti Creates, studio ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1996 na watu waliotoka hukohuko Capcom. Gemu likawa na jina la ugumu tangu siku ya kwanza. Zero 2 likafuata Mei 2003 kule Japani na Oktoba mwaka huohuo Marekani. La tatu likaja 2004, la nne 2005, na hadithi ikafungwa hapo. Magemu manne kwa miaka minne. Hawa jamaa hawakuwa wanalala.

Hadithi kwa ufupi. Kuna dola inaitwa Neo Arcadia, inayojidai ni peponi. Binadamu wanaishi vizuri, lakini maroboti yenye akili na hisia, yanaitwa Reploid, yanasingiziwa makosa na kuuawa. Waliotoroka wamejificha na kuunda jeshi dogo la upinzani. Mwanasayansi wao ni binti anaitwa Ciel, na yeye ndiye aliyemwamsha Zero kutoka usingizi wa miaka mia hivi.

Zero 2 linaanza jangwani. Zero yuko peke yake, amejifunika joho lililochakaa, amepigana karibu mwaka mzima bila kupumzika na silaha zake ziko hoi. Anapigana tena, anaishiwa nguvu, anaanguka. Anayemwokota na kumsogeza karibu na wenzake ni Harpuia, mmoja wa majenerali wa Neo Arcadia, yaani adui yake mwenyewe. Akiamka anakuta kambi mpya na kamanda mpya, anaitwa Elpizo. Huyo Elpizo mwekeni akilini, nitamrudia.

LINAVYOCHEZWA

Ni gemu la kukimbia, kuruka na kupigana, linatazamwa kwa ubavu. Zero anachomoka kwa kasi, anang'ang'ania ukuta na kuupanda kwa kurukaruka. Silaha ziko nne: upanga, bunduki, ngao unayoirusha ikarudi yenyewe, na mnyororo. Huo mnyororo ndio mgeni wa gemu la pili, umechukua nafasi ya fimbo iliyokuwa gemu la kwanza. Unaweza kuchomea adui, kuvuta kitu, au kunasa juu na kubembea kama ngedere.

Kuna na chipu tatu za kuipa silaha nguvu ya moto, barafu au umeme. Moto humshinda wa barafu, barafu humshinda wa umeme, umeme humshinda wa moto. Ukiishika hiyo kanuni umeshapunguza nusu ya machozi.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Silaha zako zinaanza zikiwa hazijakomaa. Upanga mwanzoni haukupi mapigo yote matatu mfululizo. Lazima uutumie sana, ukate maadui wengi, ndipo ukue na uachie pigo la pili na la tatu. Bunduki hivyohivyo, mnyororo hivyohivyo. Yaani gemu linakubana zaidi pale mwanzoni, wakati huna kitu.

KAMBI YA KWANZA: "NI GUMU ILA LINA HAKI"

Hii ndiyo kambi ya wazee wa kukomaa. Hoja yao inaeleweka, na sehemu kubwa ni ya kweli.

Wanasema hivi: mabosi wa Zero 2 hawabahatishi. Kila mmoja ana ishara kabla ya kupiga. Chukua Panter Flauclaws, yule chui wa umeme. Mara ya kwanza unaona kitu kinapita tu mbele ya macho, umeshapigwa. Mara ya tano unagundua kabla ya kurukia upande huu anasimama namna fulani. Mara ya kumi mwili wako unaruka kabla hujafikiri. Hakuna aliyekupunguzia ugumu. Bosi ni yuleyule na nguvu zake ni zilezile, aliyebadilika ni wewe. Kwa kambi hii, raha ya gemu ni hiyo hasa, na ukiiondoa umeondoa gemu lenyewe.

Tena wanaongeza kwamba kifo ni cha haraka lakini hakina uongo. Miiba ukiigusa umekufa papo hapo, hata kama damu imejaa. Shimoni umekwisha. Hakuna "labda". Na mikono ya Zero inaitika: ukibonyeza ruka anaruka, ukibonyeza chomoka anachomoka, hakuna kuchelewa. Ukifa unajua kabisa kosa ni la kidole chako. Mtu akifa kwa kosa lake mwenyewe anarudi kujaribu tena. Akifa kwa uzembe wa gemu ndipo anazima mashine.

Kasoro moja ambayo hata kambi hii huwa inaikubali kwa shingo upande ni skrini. Game Boy Advance ilikuwa na nukta 240 kwa 160 tu. Zero amechorwa mkubwa na mzuri, lakini kumchora mkubwa kwenye kioo kidogo maana yake huoni mbali. Ukichomoka kwa kasi, adui anatokea puani. Kwa hiyo mara ya kwanza kupita sehemu ngeni, kuna vifo ambavyo huwezi kuviepuka kwa ujuzi, utaviepuka kwa kukariri. Na mnyororo nao: kubembea juu ya shimo kunataka upime pa kunasa na wakati wa kuachia, na wapo waliomaliza mabosi wakali lakini mioyo yao ikavunjwa na mashimo.

KAMBI YA PILI: "TATIZO NI MAKSI"

Hapa ndipo penye moto.

Ukimaliza misheni, gemu linakupa ripoti kama ya shule. Linaangalia ulitumia muda gani, umeua maadui wangapi, umepigwa kiasi gani, umerudia mara ngapi baada ya kufa, na umetumia vijini wangapi (hao nitawaeleza sasa hivi). Likijumlisha yote linakupa daraja. S ndiyo ya juu, inafuata A, kisha B, na kuteremka huko chini kwenye aibu.

Kama ingekuwa ni mapambo tu, nani angelalamika? Magemu mengi yanatoa nyota na watu wanazipuuza. Zero 2 halikuishia hapo. Kuna mbinu maalumu unazojifunza kutoka kwa mabosi, zinaitwa EX Skill. Ukimuua bosi unaweza kuchukua mbinu yake, kwa mfano namna mpya ya kukata au ya kupiga risasi. Sharti ni kwamba uingie kwenye misheni hiyo ukiwa na daraja A au S. Ukiwa na B, bosi utamuua kwa jasho lako, na utatoka mikono mitupu.

Mmeona hiyo hesabu? Mchezaji mzuri, ambaye hahitaji sana msaada, anapewa mbinu mpya. Mchezaji anayehangaika, ambaye hizo mbinu ndizo zingemwinua, ananyimwa. Kila misheni inayopita aliye juu anazidi kupanda, na aliye chini anabaki na upanga wake uleule. Ni kama mwalimu anayegawa vitabu kwa waliofaulu tu, halafu anawashangaa waliofeli kwa nini hawasomi.

Kambi ya kwanza ina jibu la hapo, na siyo jibu jepesi. Wanasema: mbona hamsemi na upande wa pili? Ukiwa na daraja A au S, bosi naye anakuwa mkali zaidi. Anatoa pigo la ziada ambalo wenye madaraja ya chini hawalioni kabisa. Kwa hiyo siyo upendeleo. Aliye juu anapewa bosi mgumu zaidi na zawadi zaidi, aliye chini anapewa bosi mwepesi kidogo bila zawadi. Gemu linajipima lenyewe kulingana na mchezaji.

Hoja nzuri. Ila ina tobo moja. Yule wa daraja la chini hajui kama anachezeshwa bosi mwepesi. Gemu halimwambii wakati anapigana kwamba kuna kitu anakosa na anakikosa kwa sababu gani. Anaweza kumaliza gemu zima akidhani hizo mbinu hazipo. Ugumu usioonekana mtu hawezi kujipanga nao.

VIJINI: MSAADA WENYE BEI

Kuna viumbe vidogo vya nuru vinavyoelea, gemu linaviita Cyber-elf. Mimi nitawaita vijini, maana ndivyo walivyo. Unawaokota ndani ya misheni, na kila mmoja ana kazi yake. Mmoja anakuongezea damu, mwingine anadhoofisha maadui, mwingine anakuokoa usife ukitumbukia shimoni. Wengine hawafanyi kazi mpaka uwalishe fuwele za nishati ndiyo wakue, na hizo fuwele utazitafuta mpaka uchoke. Malalamiko ya watu kurudia sehemu ileile saa nzima kuokota fuwele yanatokana na hapo.

Halafu ukimtumia kijini, anakufa. Msaada wake ni mara moja, basi. Na ukiangalia ripoti mwisho wa misheni, kumtumia kumekupunguzia maksi. Maksi zikishuka daraja linashuka, daraja likishuka mbinu za mabosi huzipati.

Hapa wachezaji wanagawanyika kweli kweli, na siyo kwa sababu ya uwezo tu. Wapo wanaosema hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote kwenye mfululizo huu. Hadithi inahusu viumbe wadogo wanaouawa ili wakubwa waishi raha mustarehe. Sasa mkononi mwako una kiumbe mdogo, na gemu linakuuliza: utamuua ili uvuke? Maksi zinazokatwa ni namna ya gemu kusema kwamba msaada huo una gharama. Mchezaji anayemaliza bila kumgusa hata kijini mmoja amefanya alichofanya Zero mwenyewe, kubeba mzigo peke yake.

Wapo wanaosema hayo ni maneno matamu tu. Gemu limejaza vijini wengi, limekufanya uhangaike kuwalisha, halafu linakuadhibu ukiwatumia. Matokeo yake watu wanawaweka kama noti iliyofichwa chini ya godoro, haitumiki mpaka inachakaa. Mchezaji mgeni, aliyewekewa vijini kwa ajili yake hasa, ndiye anayelipa bei.

Mimi naona wote wawili wanasema kweli, ila wanazungumzia wachezaji wawili tofauti. Anayecheza mara ya tatu anasikia uzito wa kifo cha kijini. Anayecheza mara ya kwanza anaona faini tu.

KUHUSU ELPIZO

Nilisema nitamrudia. Elpizo ni kamanda anayetaka ushindi haraka. Ciel anahangaika na utafiti ili vita viishe bila kuua zaidi, yeye anaona unachelewesha. Anaandaa shambulio kubwa dhidi ya Neo Arcadia, linashindwa vibaya na watu wake wanakufa. Baada ya hapo anaanza kutafuta nguvu za Dark Elf, kijini mmoja wa hatari kuliko wote, ili apate kwa mkupuo kile ambacho hana. Mwisho wake sitawaharibia wale ambao hawajafika.

Sasa mtazameni huyo jamaa halafu mrudi kwenye ule mfumo wa maksi. Gemu zima limejengwa juu ya wazo moja: nguvu ya njia ya mkato inakugharimu. Hadithi inasema hivyo kupitia Elpizo, ripoti ya mwisho wa misheni inasema hivyo kupitia maksi. Unaweza kulichukia wazo, lakini huwezi kusema walikurupuka. Gemu la pili linalingana lenyewe kuliko la kwanza, na nadhani ndiyo maana wanaolipenda wanalipenda kupita kiasi.

LIMEZIDI LA KWANZA AU LIMELIIGA?

Kuna wanaosema Zero 2 ni lilelile la kwanza lililopakwa rangi. Sikubaliani, ila naelewa wanatoka wapi. Picha zinafanana, mikono inafanana, majenerali wa adui wanarudi.

Tofauti zipo. Gemu la kwanza lilikuwa na eneo kubwa lililounganika na misheni ambazo ukifeli zinaweza kukupita moja kwa moja, hadithi ikaendelea bila wewe. Gemu la pili limepangwa vizuri zaidi: unachagua misheni, unaingia, unatoka. Wengine wanaona limepoteza ule ukali wa "ukikosea imekula kwako". Wengine wanashukuru.

Pia Zero sasa anaweza kubadili umbo, na kila umbo linabadilisha rangi yake na uwezo wake. Kuna linaloongeza mashambulizi, kuna la ulinzi, na kadhalika. Yanafunguka kulingana na unavyocheza ndani ya misheni. Wazo tamu sana. Ila ni ugonjwa uleule: masharti yake gemu halikuelezi waziwazi. Wengi waliyajua kwa kusoma mitandaoni, siyo kwa kucheza.

WATENGENEZAJI WALISEMAJE? ANGALIA MATENDO

Ukitaka kujua nani alikuwa na hoja, angalia walichobadilisha wenyewe.

Mwaka 2004, Zero 3: silaha za kukuza zikafutwa. Unaanza na upanga uliokamilika. Wakaletwa na vijini wa aina nyingine ambao unaweza kutembea nao bila kukatwa maksi wala kuwaua. Mwaka 2005, Zero 4: kijini akabaki mmoja tu, anakuzwa na kurekebishwa badala ya kuuawa. Mbinu za mabosi hazikutegemea tena daraja lako. Sasa unachagua hali ya hewa ya misheni kabla ya kuingia, na ukichagua ile ngumu, bosi akifa unapata mbinu yake. Yaani zawadi ni ileile na ugumu bado upo, ila safari hii unaambiwa mlangoni na unachagua mwenyewe.

Mwaka 2010 magemu yote manne yakawekwa pamoja kwenye Nintendo DS, na ikaongezwa njia nyepesi kwa wanaotaka hadithi tu. Mwaka 2020 yakatoka tena kwenye Switch, PlayStation 4, Xbox One na kompyuta, pamoja na yale mawili ya Mega Man ZX. Safari hii kukawa na njia nyepesi na vituo vya kuseivu katikati ya misheni. Na gemu la asili limo humohumo, na meno yake yote, kwa anayelitaka.

Kwa hiyo kila walipolirudia walipunguza kile kilicholalamikiwa na kambi ya pili. Mabosi hawakuguswa. Spidi haikuguswa. Miiba bado inaua. Walichogusa ni kodi ya mlangoni. Kwangu mimi hiyo ni hukumu tosha: ugumu wa mapigano ulikuwa wa haki, ugumu wa maksi ulizidi.

NA SISI WA EMULETA JE?

Tuseme ukweli wadau. Huku kwetu wengi hawakulijua gemu hili kwa kushika Game Boy Advance. Walilijua kwenye kompyuta kwa VisualBoyAdvance, na siku hizi kwenye simu. Suala la hakimiliki lipo na siwezi kulifumbia macho. Nakala halali ipo sokoni tangu 2020, mwenye uwezo anunue.

Lakini kuna jambo moja sijaona likielezwa vizuri. Emuleta inakuruhusu kuseivu papo hapo: Shift na F1 unahifadhi, F1 unarudi. Watu wanabishana kama huo ni wizi wa ushindi. Waache wabishane, mimi nataka mwone inachofanya kwenye ule mfumo wa maksi. Ukirudi nyuma kwa kuseivu, emuleta inarudisha kumbukumbu yote ya mashine: saa, damu, idadi ya kufa. Gemu halijui kwamba umekufa mara thelathini. Linaona mtu aliyepita bila mkwaruzo, linampa S.

Ukishapata S, mabosi wanaamka! Wanatoa yale mapigo ya ziada waliyowekewa mabingwa. Kwa hiyo mtu anayeseivu kila hatua ili apunguze ugumu, anajikuta anapambana na toleo gumu kuliko lile alilolikimbia, na mikono yake haijajifunza chochote njiani. Halafu anakwenda mtandaoni kuandika kwamba gemu ni la kikatili. Baadhi ya maoni makali mnayoyasoma yanaweza kuwa yametokea hapo.

Upande wa pili, msiwe wepesi kumcheka. Mtu amelipia nusu saa kafe. Dakika ishirini zimeishia kwa bosi mmoja. Kesho mashine ikisafishwa, faili lake limekwenda. Watengenezaji walimfikiria mtoto mwenye kifaa chake mfukoni, anayeweza kurudia bosi mara hamsini kwenye basi bila kulipa hata senti. Gemu lenye subira linahitaji mchezaji mwenye muda, na muda kwa wengine unauzwa. Kuseivu papo hapo kwa mtu huyo siyo uvivu, ni bajeti.

KWA ANAYETAKA KUANZA

Ushauri wangu ni huu:

1. Mwanzoni kata kata kata. Usikimbilie bosi. Kuza upanga kwanza mpaka upate mapigo matatu, na bunduki uiguseguse ili nayo ikue.

2. Mara ya kwanza kukutana na bosi, usishindane. Kaa mbali, kwepa tu, hesabu anafanya vitu vingapi. Maisha moja ukitoa sadaka kwa ajili ya kumsoma, hujapoteza.

3. Usisahau chipu. Bosi wa barafu mpelekee moto. Watu wanalia kwa Poler Kamrous, yule dubu wa barafu, na chipu ya moto wanayo, imelala.

4. Mzunguko wa kwanza achana na daraja. Tumia vijini ukikwama, ndiyo kazi yao. Mbinu za mabosi zitafute mzunguko wa pili ukiwa umekomaa.

5. Ukitumia emuleta, seivu mwanzo wa chumba cha bosi, siyo katikati ya pigano. Utaokoa muda wako na pesa yako, lakini bosi utamjifunza mwanzo mpaka mwisho.

Jibu langu kwa swali la kichwa cha habari: ni gemu gumu lenye moyo mzuri, lililowekewa mlinzi wa mlangoni mwenye roho mbaya. Ukimpita mlinzi, ndani kuna raha. Watengenezaji wenyewe baadaye walimfukuza huyo mlinzi, na nyumba haikuanguka.

Haya, nawasilisha. Uwanja ni wenu hapo chini. Waliolimaliza bila kutumia kijini hata mmoja wajitokeze, na waliokwama waseme wamekwama kwa bosi gani wasaidiwe. Matusi sitaki.